Shajara ya mradi: maneno ya King James yanayomponza mkalimani

Jumapili, 9 Februari 2025: Kilichonianzisha

Kazi yangu ya pembeni ni kutafsiri mahubiri. Mgeni akija kutoka ng'ambo, mimi ndiye nasimama kando yake na maiki ya pili. Novemba iliyopita, kwenye mkutano wa nje hapa Morogoro, mhubiri kutoka Marekani alisoma Wathesalonike wa Kwanza 4:15 katika King James, ile Biblia ya Kiingereza cha zamani: sisi tulio hai "shall not prevent them which are asleep". Nikatamka bila kusita: "Hatutawazuia wao waliolala." Yeye akaendelea, nami nikaendelea.

Jioni, mzee mmoja alinisubiri chini ya ngazi za jukwaa. Biblia yake ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa pameandikwa hatutawatangulia. Wewe umesema hatutawazuia. Mwenye kosa ni nani, wewe au kitabu?"

Nikajitetea kwamba Kiingereza ndivyo kinavyosema.

"Basi Kiingereza nacho kina kosa," akasema, akaenda zake.

Kiingereza hakikuwa na kosa. "Prevent" imetoka kwenye Kilatini "praevenire", yaani kuja mbele ya mwingine, na tafsiri ile ilipochapishwa mwaka 1611 maana ya kutangulia ilikuwa bado hai. Ukifikiri kidogo utaona kuzuia kulivyozaliwa: anayekutangulia mlangoni ndiye anayeweza kukufungia nje. Mtoto akakua, mzazi akafa, na mimi nikamtafsiri mtoto mahali palipoandikwa jina la mzazi.

Nataka kutengeneza kijitabu cha mfukoni kwa wakalimani wenzangu: neno, aya, maana yake ya wakati ule, na Kiswahili chake. Naandika hapa kila hatua ikiisha, ili anayetaka kufanya hivi kwa kanisa lake, au kwa darasa lake linalosoma Shakespeare, aanzie nilipofika. Gharama hadi leo ni kaunta buku moja, Sh 4,000.

Jumapili, 23 Februari: Orodha ya kwanza, ambayo nimeitupa

Wiki mbili nimezunguka Agano Jipya na Zaburi nikiokota kila neno lenye sura ya kizee: "betwixt", "peradventure", "whither", "besought", "verily", "wist". Yamefika 312. Nilijiona nimeshamaliza nusu ya kazi. Nyongeza ya Machi: hazikupita siku kumi na tano nikajua nilikuwa napanga kuni za nyumba isiyopikwa.

Jumamosi, 8 Machi: Zoezi la watu sita

Kabla ya kuandika maana hata moja, nilitaka kujua wakalimani wanaanguka wapi. Nikawaita wenzangu sita, nikawapa karatasi yenye aya ishirini: kumi zina maneno ya ajabu, kumi zina maneno ambayo kila mtu anayajua. Sikuruhusu Biblia wala simu. Soda na kopi zimenigharimu Sh 7,200.

Kwenye maneno ya ajabu hakuna aliyeumia. Walisimama, wakauliza, wakakisia kwa muktadha, wakapata. Mtu akikutana na "peradventure" anajua kuwa hajui. Balaa lilikuwa upande wa pili, kwenye maneno ya darasa la tatu, na huko hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza.

Warumi 1:13, Paulo anasema alikusudia mara nyingi kwenda Roma "but was let hitherto". Watano kati ya sita waliandika kwamba aliruhusiwa. Aliruhusiwa, halafu hakwenda! Ukweli ni kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili: "lætan", kuacha au kuruhusu, na "lettan", kuchelewesha au kuzuia, ambacho ni ndugu wa "late". Miaka ikavisugua hadi vikafanana sura, na neno moja likabeba maana mbili zinazopigana. Kile cha kuzuia kikafa katika mazungumzo, lakini mzimu wake bado unaonekana: pasipoti ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na kwenye tenisi mpira wa kuanzia ukigusa wavu mwamuzi husema "let".

Luka 24:41, Yesu aliyefufuka anawauliza wanafunzi, "Have ye here any meat?" Wote sita waliandika nyama. Aya inayofuata wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, na mmoja wetu akaanza kueleza kwamba labda nyama ilikuwa imeisha. "Meat" ilikuwa chakula chochote. Ndiyo maana katika Mwanzo 1:29 mimea na matunda ya miti vinaitwa "meat".

Mathayo 12:1, wanafunzi wanavunja "ears of corn". Wawili waliandika mahindi. Mahindi yametoka Amerika, na hapakuwa na hindi hata moja Galilaya. Kwa Mwingereza "corn" ni nafaka yoyote, hasa ile inayostawi kwao.

Iliyoniuma zaidi ni Yakobo 1:4, "wanting nothing". Wanne waliandika "bila kutaka chochote". Inasikika kama utakatifu kabisa, na ndiyo hatari yake: mkutano mzima utasema amina. "Want" ya zamani ni kukosa, kupungukiwa. Cha ajabu, aya ya kwanza ya Zaburi ya 23 ina neno hilohilo, "I shall not want", na hakuna aliyekosea, kwa sababu "sitapungukiwa na kitu" wanayo kichwani tangu shule ya Jumapili. Vivyo hivyo "Suffer the little children" kwa "Waacheni watoto wadogo". Aya iliyokaririwa ina kinga yake.

Nimefuta orodha ya 312. Nabakiza maneno yanayofanana na ya leo lakini yana roho nyingine. Haya magumu ya sura nitayapa ukurasa mmoja wa mwisho, kumi na mawili tu, kwa ajili ya wanaopenda.

Jumamosi, 29 Machi: Mashahidi wawili

Njia yangu ya kupata maana ilikuwa rahisi: chukua aya ya King James, fungua Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version ya mwaka 1952, usome. Mzee wa tyubu ya baiskeli alishanifundisha hiyo bila ada. Inafanya kazi vizuri sana. "The quick and the dead" ya Petro wa Kwanza 4:5 ni "walio hai na waliokufa", wala hakuna aliye na haraka. Kapu la pili la Yeremia 24, lenye "naughty figs", ni "tini mbovu sana", si tini zenye utundu.

Halafu ikanidanganya. Neno lilikuwa "conversation". Nilifungua Wafilipi 3:20, "our conversation is in heaven", nikakuta "wenyeji wetu uko mbinguni". Nikaandika kwenye kaunta buku: "conversation", uenyeji, uraia. Nikaenda kulala nimeridhika. Siku mbili baadaye nikafika Petro wa Kwanza 1:15, "holy in all manner of conversation", nikajaribu kupachika uraia wangu. Haukuingia. Union inasema "katika mwenendo wenu wote".

Nilichosahau ni kwamba Kiswahili hakikutafsiriwa kutoka King James. Nyuma ya aya hizo mbili kuna maneno mawili tofauti ya Kigiriki, "politeuma" na "anastrophe", na Waingereza wa 1611 waliyafunika yote kwa blanketi moja. Blanketi lenyewe, "conversation", lilimaanisha namna mtu anavyoishi na wenzake, mwenendo wake. Kuongea ni sehemu ndogo tu ya hayo, nayo ndiyo iliyobaki mpaka leo.

Tangu siku hiyo nina kanuni: neno haliingii kijitabuni mpaka aya mbili tofauti zilishuhudie, na kama neno linatokea mara moja tu, basi shahidi wa pili awe kamusi ya zamani. Maneno kumi na tisa niliyokuwa nimeshayaandika nimeyarudia upya. Matatu yalikuwa na kosa.

"Charity" ya Wakorintho wa Kwanza 13 haikuhitaji hata shahidi wa pili. Wengi huisikia kama sadaka kwa maskini, lakini aya ya 3 inasema nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini na sina "charity", hainifaidii kitu. Kama ni sadaka, sentensi inajila mkia. Ni upendo, kupitia Kilatini "caritas". William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya mwaka 1526, alikuwa ameandika "love" mahali hapo.

Jumamosi, 19 Aprili: Kamusi za zamani, na neno "fuffer"

Kamusi ya simu ilinipa maana za leo tu. Programu ya tafsiri niliijaribu kwa ile aya ya Wathesalonike, nayo ikajibu "hatutawazuia", kwa kujiamini kama mimi mwenyewe Novemba. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyotolewa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928, ndiyo inayopanga maana kuanzia ya kale zaidi, lakini toleo lake la mtandaoni ni la kulipia na sikuwa na fungu hilo. Nikageukia kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, ambayo ni bure ukiwa na bando. Bando limekula Sh 15,000, kwa sababu nilipakua kurasa za picha, mafaili mazito mno.

Johnson ni mtamu. Kwenye "prevent" anaanza na kutangulia, na kuzuia anakuweka mwisho kabisa, akiongeza kwamba siku hizi hiyo karibu ndiyo maana pekee. Yaani mwaka 1755 maana ya kwanza ilikuwa inakata roho, na yeye amekaa kando ya kitanda anaandika.

Kisha nikatafuta "suffer". Hakuna. Nikatafuta "presently". Hakuna. Kamusi nzima ya Kiingereza haina "suffer"? Nilipoteza jioni mbili nikidhani nimepakua faili bovu, nikalipakua tena. Bando nalo likalia. Jioni ya tatu nikaacha kutafuta kwa mashine, nikapekua kwa macho mpaka kwenye S, na pale nikaliona: kwenye mifano iliyo chini ya neno, herufi ya kwanza si "s" tuliyoizoea. Ni "ſ", mstari mrefu uliopinda juu, unaofanana na "f" iliyokatwa mkono. Wachapaji wa Uingereza waliitumia mwanzoni na katikati ya neno mpaka karibu na mwaka 1800, na mashine inayosoma picha huigeuza kuwa "f". Nikaandika "fuffer" kwenye kisanduku cha kutafutia. Likaja mara moja. "Prefently" pia.

Ugonjwa wa namna hiyo upo pia kwenye nakala za 1611 zenyewe. Ukitafuta "prevent" hutaiona, maana imeandikwa "preuent". Katikati ya neno "v" iliandikwa "u". King James tuliyonayo kwenye simu nyingi ina tahajia iliyosafishwa Oxford mwaka 1769. Kwa hiyo, anayenifuata: tafuta kwa tahajia ya kizee, au pekua kwa macho.

Kuhusu "presently" nataka nikae kidogo. Mathayo 26:53, Baba angemletea Yesu malaika "presently", na Union inasema "sasa hivi". Wenzangu kwenye zoezi waliandika "baadaye kidogo", na Kiingereza cha leo kinawaunga mkono. Limefikaje huko? Kwa ahadi za watu. Anayeitwa anajibu "sasa hivi", halafu anachelewa, na vizazi vikipita neno lenyewe linajifunza kuchelewa. "Soon" lilipita njia hiyohiyo, na "anon" pia. Yote mawili yalimaanisha papo hapo. Aliyewahi kuambiwa "nakuja sasa hivi, nipo njiani" na fundi bomba hahitaji kamusi ya kulielewa hili.

Jumamosi, 10 Mei: Kosa langu kwenye "thou"

Rasimu ilikuwa na mstari huu: "thou", wewe ya heshima, kwa sababu hutumika kwa Mungu. Niliusikia nikiwa mdogo nikaamini. Nimeufuta.

Mwaka 1603, katika kesi ya uhaini ya Walter Raleigh, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrukia kwa maneno "I thou thee, thou traitor". Alifanya neno lenyewe kuwa kitenzi cha kutukana: nakuita "thou", msaliti wewe. Katika maongezi ya siku zile "you" ndiyo ilikuwa ya heshima, na "thou" ya mtoto, mtumishi, mpenzi, au mtu unayemdharau. Miaka minane tu baadaye King James inatoka, na ndani yake Mungu ni "thou", Petro ni "thou", Shetani naye ni "thou". Hapo heshima haihusiki kabisa. Watafsiri walifuata mtindo wa Tyndale, na walitaka kitu kimoja: kutenga umoja na wingi kama lugha za asili zinavyotenga. "Thou" na "thee" ni mtu mmoja. "Ye" na "you" ni wengi, "ye" akiwa mtenda na "you" mtendwa.

Hapa Kiswahili kinamshinda Mwingereza wa leo kwa mbali. Tazama Yohana 3:7. "I said unto thee, Ye must be born again." Kwa Kiingereza cha sasa vyote vinakuwa "you", na msomaji hajui kwamba Yesu ameruka kutoka kwa Nikodemo peke yake kwenda kwa wote. Kwetu: "nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili". "Ku" na "ham", kazi imekwisha. Luka 22:31 na 32 ni hivyohivyo: Shetani "amewataka ninyi", lakini "nimekuombea wewe". Mkalimani anayetafsiri "you" ya King James kuwa wewe anampa Petro peke yake pepeto la wote kumi na wawili.

Ukurasa huu umekuwa mrefu kuliko yote. Nimeuacha hivyo.

Jumamosi, 7 Juni: Uchapaji

Maneno yamebaki 58, na yale kumi na mawili ya ukurasa wa mwisho. Kurasa 32 za nusu karatasi, yaani karatasi nane pande zote mbili. Steshenari wanatoza Sh 100 kila upande, jalada gumu Sh 500, kupiga pini Sh 200. Kimoja kinasimama Sh 2,300. Nimetoa thelathini: Sh 69,000.

Kazi yote niliiandika kwa simu. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la steshenari, boksi mapajani, nikafungua ukurasa wa mwisho nijipongeze. Matendo 23:5, Paulo anajitetea kwamba hakujua anayemjibu ni kuhani mkuu: "I wist not, brethren". Kwenye kijitabu changu imechapwa "I wish not". Kibodi ya simu haikulijua neno hilo, ikanisaidia. Pembeni yake maana imekaa sawasawa, "sikujua", kwa hiyo msomaji anafundishwa kwamba "wish" ni kujua. Kijitabu cha mitego, na mtego wa kwanza nimeutega mwenyewe.

Kijana wa steshenari alicheka mpaka akakaa. "Mwalimu, si ungezima hiyo ya kujisahihisha?" Ilinichukua nusu dakika kuizima. Karatasi ile moja kurudiwa mara thelathini ni Sh 6,000, na kung'oa pini na kupiga upya Sh 6,000 nyingine.

Jumla ya mradi mpaka hapa ni Sh 107,200. Nimegawa vinne bure kwa waliobaki, maana wawili kati ya wale sita wa zoezi walinunua kabla sijamaliza kusema. Vingine nimeuza Sh 2,500, vyote ishirini na sita vikaisha: Sh 65,000. Pengo ni Sh 42,200, limetoka mfukoni kwangu. Anayetaka kurudisha hela yake auze Sh 4,000, na asichape kabla ya mtu mwingine kusoma kurasa zote kwa sauti.

Jumapili, 29 Juni: Baada ya wiki tatu za matumizi

Ripoti nzuri moja: dada mmoja alikuwa akitafsiri Zaburi 26:2, "try my reins and my heart". Zamani angesema hatamu, anavyokiri mwenyewe. "Reins" ile haina uhusiano na farasi. Ni figo, kutoka Kilatini "renes", mahali ambapo watu wa kale waliweka siri za ndani za mtu. Alifungua kijitabu, akaona Kiswahili chake, akasema kama kilivyoandikwa: "Unisafishe mtima wangu na moyo wangu." Kisha vijana wa kwaya wakamfuata nje kumuuliza mtima ni nini.

Hilo sikulitarajia, na si la mtu mmoja. Malalamiko yote niliyopata yanahusu Kiswahili, si Kiingereza. Yakobo 1:4 niliwaandikia "bila kupungukiwa na neno", na kijana mmoja akauliza kwa nini mtu mkamilifu asipungukiwe na maneno. Neno pale ni jambo, kitu.

Leo baada ya ibada nikamkuta yule mzee kwenye benchi la nje, nikampa nakala aitazame. Akaipekua taratibu mpaka kwenye "let", akampa mjukuu wake wa kidato cha pili asome. Mtoto akasoma vizuri: "nikazuiliwa hata sasa".

"Maana yake?" mzee akamuuliza.

"Kwamba hata sasa hivi bado amezuiliwa, babu."

Mzee akanitazama. "Kwetu sisi hata ni mpaka," akasema. "Alizuiliwa mpaka siku aliyoandika. Kesho anaweza kwenda."

Nimerudi nyumbani nikageuza kaunta buku, nikaanza upande wa nyuma. Mstari wa kwanza: "hata". Wa pili: "neno". Wa tatu: "mtima".